Arabuko-Sokoke kwa miguu: soma mchanga kwanza, ndege baadaye

Mara ya kwanza niliingia msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Kilifi, pwani ya Kenya, saa nne na nusu asubuhi. Jua lilikuwa limeshakolea, nimevaa fulana nyeupe, na nyuma yangu binamu watatu wakibishana kuhusu mpira. Tulizunguka saa mbili. Tulichokiona ni jongoo mmoja mnene na makopo mawili ya soda. Tukarudi barabarani tukiapa kwamba msitu ule ni mtupu, wanyama wote wako kwenye mabango tu.

Sasa nimeshaingia mara nyingi, katika misimu yote, na najua tulikosea wapi. Ule ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia vya msitu asilia wa pwani katika Afrika Mashariki. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ndani mna zaidi ya aina 230 za ndege, aina 260 hivi za vipepeo, ndovu, na baadhi ya viumbe ambao ukitoka Kilifi hutawaona tena popote. Lakini si mbuga. Hakuna uwanda wa kuendesha gari huku umeegemeza kiwiko dirishani ukihesabu twiga. Hapa mnyama mkubwa hukaa kichakani, na mdogo hukaa chini ya majani makavu akikusikiliza unavyokuja.

Jambo ambalo lingetuokoa siku ile ni hili: Arabuko-Sokoke ni misitu mitatu chini ya jina moja, na mpaka wa kila mmoja unauona miguuni. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu na bahari, mchanga ni wa kijivu na miti imechanganyika. Katikati pana ukanda wa mchanga mweupe, na hapo mti wa mrihi ndio mwenye mji. Magharibi ardhi inageuka nyekundu, miti inakuwa mifupi na imesongamana. Mvua nayo hupungua unavyokwenda magharibi: mashariki hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, kaskazini-magharibi 600 hivi. Kila mchanga una wenyeji wake. Ukimtafuta bundi wa mchanga mwekundu kwenye mchanga mweupe utazeeka hapo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, njia za ndani huwa tope na mbu hawana huruma. Siwezi kukushauri uanze na masika, ingawa siku mbili tatu baada ya mvua kukatika vipepeo hujaa njiani, wakinyonya unyevu kwenye madimbwi kama watu waliozunguka kombe la kahawa.

Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, joto ni kali lakini majani yaliyoanguka yamekauka na kila kinachotembea unakisikia. Maji nayo yamepungua, kwa hiyo wanyama hukusanyika kwenye mabwawa. Tena ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia bado wapo. Hao hukaa kwetu tangu Oktoba hivi hadi Aprili.

Mimi napenda Agosti hadi Oktoba. Hewa ina ubaridi, kusi inapoa, na mrihi hutoa majani machanga mekundu hivi kwamba ukiyatazama dhidi ya jua utadhani mti umeshika moto. Ndani ya miezi hiyo bado utamkuta mgeni mwingine, ndege wa ardhini mwenye kifua cha madoa meusi kama wino, anayetokea kusini na kukaa pwani yetu tangu Aprili hadi Oktoba. Huyo huonekana zaidi kwenye msitu wa mchanga wa kijivu, akipekua majani.

Hatua ya 2: Fika mapema, tena na mwongozaji

Ukitoka Mombasa, panda matatu ya Malindi ushuke Gede. Ukitoka Malindi ni karibu nusu saa. Kituo cha msitu kiko kandokando ya barabara hiyo ya Mombasa–Malindi, na bodaboda wote wa njiapanda ya Watamu wanakijua. Mwambie tu "Gede, kwa msitu". Anayetoka Watamu atafika kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu.

Shida ni saa. Msitu huamka saa kumi na mbili na hunyamaza saa tatu. Baada ya hapo joto linatanda, ndege wanajificha, na unabaki unatembea ndani ya sauti ya nyenje. Kwa hiyo lala Gede, Watamu au Malindi usiku uliotangulia, na mpange na mwongozaji mkutane langoni saa kumi na mbili kamili. Mpigie siku moja kabla. Ukitokea tu asubuhi utakuta wazuri wameshachukuliwa na wageni wenye darubini za bei ya pikipiki.

Waongozaji wa hapa wana chama chao, na wengi ni vijana na wazee wa vijiji vinavyopakana na msitu, Wagiriama kwa wingi. Watu huniuliza kama ni lazima. Kwa njia fupi ya karibu na kituo unaweza kujizungusha mwenyewe. Lakini kama unataka kuona, na siyo kutembea tu, lipa mwongozaji. Anajua mti gani bundi alilala jana. Anajua ndovu walipita wapi alfajiri, na hilo la pili ni la uhai wako.

Ada ya kuingia na ya mwongozaji ni vitu viwili tofauti. Uliza zote mbili kabla hujaanza safari, kwa sababu hubadilika, na uwe na pesa kwenye simu pamoja na chenji kidogo mfukoni. Mwambie mwongozaji mapema unataka nini: ndege, vipepeo, miti, au sengi, yule mnyama mdogo wa pua ndefu. Ukimwambia "nataka kuona kila kitu", atakuonyesha kidogo cha kila kitu, na hatakuwa na kosa.

Hatua ya 3: Vitu vya kubeba, na vya kuacha nyumbani

Nguo za kijani iliyopauka, kahawia au kijivu, mikono mirefu na suruali ndefu. Ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi. Utaonekana mshamba, kubali. Kupe na siafu hawajali mitindo. Buluu na nyeusi ziache, kwa sababu huwavuta mbung'o, na mbung'o akikuuma kupitia shati utalia kwa sauti. Upande wa mabwawa wako.

Viatu vya kufunika kidole. Lita mbili za maji kwa kila mtu. Kofia, dawa ya mbu, na darubini hata ya kuazima. Namba nzuri kwa msituni ni 8x42 kwa kuwa huingiza mwanga wa kutosha chini ya miti. Daftari dogo na penseli, maana kalamu ya wino huchuruzika kwa jasho. Mimi hubeba pia mahamri manne kwenye mfuko wa karatasi. Usibebe kwenye plastiki: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na hata kabla ya sheria ile, kelele ya mfuko mmoja wa plastiki ilitosha kufukuza kila mnyama hatua hamsini mbele.

Manukato acha. Spika ya bluetooth acha. Binamu wanaobishana kuhusu mpira, tumia hekima yako.

Hatua ya 4: Mchanga wa kijivu, na mnyama asiyefanana na yeyote

Anza hapa, karibu na kituo. Huu ndio msitu wenye unyevu, na ndio wenye miti ambayo wazee wetu waliifanyia biashara. Muulize mwongozaji akuonyeshe mbambakofi. Maganda yake yakipasuka chini utaona mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, kama shanga zilizotengenezwa na fundi. Mbao zake ndizo zilizochongwa milango ya miji ya pwani. Ukipata msandarusi, tazama kama una gundi iliyoganda kwenye gome. Hiyo sandarusi iliwahi kuuzwa kupitia Unguja hadi Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi ya samani. Muhuhu nao upo, mti wenye harufu nzuri ambao uliponzwa na uzuri wake: wachongaji wa vinyago waliupenda mno, ukakatwa kwa wizi miaka mingi. Siku hizi wachongaji wengi wamehamia mwarobaini, ambao hakuna anayeulilia.

Sasa simama. Nasema simama kweli, dakika kumi, kwa saa. Kabla ya kusimama angalia miguuni kama hakuna siafu; mara moja nilisimama kama mlinzi wa benki juu ya msafara wao na nikajikuta nacheza ngoma ambayo haijapewa jina.

Ukishatulia, funga macho usikilize. Chakarachakara ndefu isiyokatika ni upepo au kenge. Chakarachakara inayokatika na kuanza tena, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya kikapu, huenda ni sengi. Fungua macho polepole.

Sengi wa Arabuko ana ukubwa wa sungura mchanga, uzito wa nusu kilo hivi, miguu myembamba kama ya paa na pua ndefu inayochezacheza ikichokora wadudu chini ya majani. Kiunoni ana kiraka cha manjano ya dhahabu kinachong'aa hata kivulini. Ukimshtua hupiga mkia chini kwenye majani makavu, tap tap tap, halafu anaruka na kutokomea, na unachobaki nacho ni ile dhahabu ikipotea kati ya mashina. Wataalamu wanasema ngozi chini ya kiraka kile ni nene kuliko ya sehemu nyingine za mwili wake, kwa hiyo adui anayelenga dhahabu anauma mahali pasipoumiza sana.

Kwa sura utamwita panya. Si panya. Ukoo wake ni mmoja na wa ndovu, mhanga, pimbi na nguva wa baharini. (Nasema ndovu kwa sababu mimi ni wa pwani, kwetu tembo ni la kunywa.) Dume na jike huoana kwa maisha na kugawana eneo moja, lakini ni nadra kuwaona wakitembea pamoja, ndoa ambayo shangazi yangu anaisifu sana. Wakati wa kulala kila mmoja anajenga kiota chake cha majani chini, na wanabadilisha viota mara kwa mara. Kwa macho ya mgeni kiota ni lundo la majani lililokusanywa na upepo, kwa hiyo usipige teke lundo lolote.

Mbinu niliyofundishwa na mzee mmoja wa Kigiriama, ambayo imenifaa kuliko darubini: tafuta ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa anayerukaruka chini. Ndege huyo hupenda kumfuata sengi ili ale wadudu wanaoponyoka. Ukimwona ndege yuko chini, hakuogopi, tena kila mara anageuza kichwa upande mmoja, basi tazama anakotazama yeye.

Sengi huyu yuko hatarini kutoweka duniani, na sehemu kubwa ya waliobaki wako ndani ya msitu huu. Usiondoke njiani kumfuata. Mbwa wenu msije naye kabisa.

Hatua ya 5: Mchanga mweupe, chini ya mirihi

Ghafla chini kunang'aa. Miti inaachana, jua linaingia, na unaweza kuona mbali. Hapa ndipo shingo yako itakapouma, kwa sababu kila kitu kiko juu.

Siri ya mirihi ni kwamba ndege hutembea kwa kundi la mchanganyiko. Unaweza kwenda nusu saa husikii chochote, ukadhani wamehama wilaya. Kisha mti mmoja unajaa: chozi, kigong'ota, mlamba mweusi, na wengine kumi ambao majina yao ya Kiswahili hakuna aliyehangaika kuyapatanisha. Wote wanakwenda upande mmoja wakila. Wakati huo usiwakimbilie. Kadiria wanakoelekea, wazunguke kwa mbali, usimame mbele yao, na waache wapite juu ya kichwa chako. Una dakika tano hadi kumi. Tazama kwanza wanaotulia, kisha wanaorukaruka. Ukianza na wanaorukaruka utakosa wote.

Ndani ya kundi hilo ndipo umtafute kwera wa Kilifi, mweusi na manjano, ndege ambaye haishi popote duniani nje ya kaunti hii. Kwa miongo mingi hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Viota vyake vilipatikana 2013, na si Arabuko bali kwenye ardhi ya majimaji huko Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi. Ndiyo maana kuna miezi hayupo hapa kabisa. Ukiambiwa na mwongozaji "leo hayupo", anakuheshimu. Mwingine angekuonyesha kwera wa kawaida na kupokea bahashishi.

Mirihini utasikia pia hondohondo, analia kama mtoto aliyeachwa na mama yake sokoni. Wageni hushtuka. Mimi bado hushtuka.

Hatua ya 6: Mchanga mwekundu, na bundi wa kiganja

Huku kunahitaji gari au pikipiki yenye dereva anayejua njia, na ndiyo sehemu nisiyotaka uikose hata kama miguu imechoka. Ardhi inageuka nyekundu kama ukuta wa udongo. Miti ni mifupi, matawi yamefumana, na ndani ya kichaka ni giza la saa kumi na mbili jioni ilhali nje ni saa tatu asubuhi.

Bundi wa Sokoke ana urefu wa sentimita 16 hivi. Mkono wako uliofunguliwa unamzidi. Sayansi ilimjua mwaka 1965 tu, na mbali na hapa anajulikana pia kwenye misitu ya chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na wote wanafanana na majani makavu kuliko majani yenyewe. Mchana hulala wawiliwawili kwenye tawi la chini, bega kwa bega.

Huwezi kumpata peke yako. Mwongozaji huwa ameingia alfajiri au jana yake kusikiliza ule mluzi laini unaorudiwarudiwa, na amekariri kichaka. Atakuomba ubaki njiani wakati anakwenda kuhakikisha. Baki. Akikuita, ingia nyuma yake ukikanyaga anapokanyaga, usisukume tawi, usiseme neno. Atakuonyesha kwa kidole na wewe hutaona kitu. Ni kawaida, mimi ilinichukua dakika tatu nikitazama nafasi ya hatua mbili mbele ya pua yangu, nikiona jani, jani, jani, kisha jani moja likafungua jicho la manjano.

Picha mbili tatu bila mwanga wa kamera, basi, toka. Na usimwombe mwongozaji apige sauti ya bundi kwenye simu ili bundi wasogee. Ndege akiitwa na mpinzani asiyekuwapo, anapoteza usingizi na nguvu za kutafuta chakula. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, bibi anachoma ubani mpaka kuche. Hapa kuna wazee wanaosomesha wajukuu kwa kujua bundi amelala wapi. Nilimtania mmoja wao kama haogopi. "Dada," akaniambia, "nuksi ni siku ambayo sikumpata."

Hatua ya 7: Mabwawa, na namna ya kukaa na ndovu

Ndani ya msitu mna mabwawa kadhaa. Huko utaona bata, vyura wengi wakati wa mvua, nyayo za nguruwe mwitu, na ukiwa na bahati nyayo za duara pana kama sinia. Msitu umezungushiwa uzio wa umeme kuzuia ndovu wasiingie mashambani, kwa hiyo wote wako upande ulipo wewe.

Ndovu wa hapa huonekana mara chache mchana. Hilo si la kukufariji. Kwenye uwanda unamwona akiwa mita mia tatu. Kwenye kichaka unamwona akiwa mita kumi na tano, na yeye ameshakusikia zamani. Dalili zisome kwa mpangilio huu: kinyesi (kikiwa na unyevu ndani na nzi juu, ni cha leo), matawi yaliyovunjika yenye utomvu mbichi, kisha harufu, ambayo ni kama zizi. Ukifika kwenye harufu umeshachelewa kidogo.

Mwongozaji atachota mchanga kiganjani na kuuachia uanguke. Anatazama upepo. Ukipulizwa kuelekea kwenye kichaka mnachokitilia shaka, mnarudi. Hakuna mjadala hapo, hata kama umelipa. Mkimwona, rudini kinyumenyume taratibu, mmefuatana, bila kelele. Usikimbie isipokuwa umeambiwa, na usipande juu ya kichuguu kupata picha. Nimeona mtu akifanya hivyo.

Hatua ya 8: Jioni na usiku, kwa wenye ruhusa

Kama una gari na muda, malizia mchana kwenye kilele cha Nyari, juu ya ardhi nyekundu ya magharibi. Ni mwinuko ambao unakuonyesha msitu wote kama zulia, kisha ghuba ya Mida iking'aa, kisha bahari. Jioni jua liko mgongoni mwako, kwa hiyo mwanga wote unaangukia unakotazama. Hapo ndipo mahamri yanapoliwa.

Kutembea usiku kunahitaji mpango na kituo kabla, na mwongozaji. Funika tochi kwa kitambaa chekundu au tumia taa yake nyekundu. Iweke usawa wa macho yako, kwa sababu macho ya wanyama hurudisha mwanga kule ulikotoka. Nukta mbili kubwa za chungwa zinazoruka juu ya miti ni komba, yule mwizi anayewanywea wagema tembo lao kwenye mnazi. Nukta ndogo nyingi chini kwenye nyasi ni buibui, na ni afadhali usizihesabu.

Kama umekuja na watoto

Usiwapeleke kwenye hatua zote hizo. Saa moja kwenye njia fupi, asubuhi, inatosha. Baada ya hapo uhamie magofu ya Gede, kilomita chache tu. Ni mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, sasa umemezwa na miti mikubwa, na tangu 2024 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kima wapo kila ukuta, popo wananing'inia, na asubuhi na mapema sengi hutembea ndani ya magofu. Watu wengi wanaojisifu kwamba wamemwona sengi "msituni" walimwona hapa. Kima msiwape chakula, hata wakinyoosha mkono kwa adabu.

Kwenye uwanja huohuo wa magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi kwa majani maalumu ya kila aina, kisha huuza vifukofuko, ambavyo husafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani kabla havijapasuka. Mtoto akishaona kifukofuko kinachofanana na jani lililokunjwa kikipasuka, mtakaa hapo kuliko mlivyopanga. Pia mkulima anayeuza vifukofuko ana sababu ya kutokata mti ambao kiwavi wake anaula, na hilo mtoto wa miaka sita huelewa haraka kuliko baadhi ya wakubwa niliowahi kukaa nao mkutanoni.

Mida iacheni kwa siku ya pili. Kuna daraja la mbao na kamba lililotandazwa juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na ada yake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya hapo. Angalieni maji kabla ya kwenda. Maji yakiwa yamekupwa kabisa ndege wako mbali kwenye matope. Yakianza kujaa yanawasukuma kuelekea kibandani. Siku za bamvua ndiyo bora zaidi.

Ukifika nyumbani

Usiketi kitandani na nguo za msituni. Zivue bafuni, zikung'ute, zianike juani. Jikague kwapani, nyuma ya magoti, kiunoni mwa suruali, nyuma ya masikio. Mwombe mtu akukague mgongo. Pwani ina malaria pia, kwa hiyo homa yoyote ndani ya wiki chache zinazofuata ni ya kupimwa hospitali, si ya kungojea.

Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja, taratibu, kisha osha kwa sabuni. Usimpake mafuta ya taa kama alivyotufundisha bibi.